Fizi Zinazotoa Damu na Sukari Isiyoshuka: Utunzaji wa Kinywa kwa Watu Wenye Kisukari Mkoani Songwe

Mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari huelezwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Huelezwa kuhusu chakula, vidonge, insulini, macho, figo na miguu. Huonywa asitembee pekupeku na asikose siku zake za kliniki. Kinywa, ambacho ndicho mlango wa chakula hicho anachopangiwa, mara nyingi husahaulika. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa wengi huamini kuwa meno kulegea ni dalili ya uzee, fizi kutoa damu ni matokeo ya mswaki mgumu, na harufu mbaya ya kinywa ni jambo la maumbile.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, fizi huharibika. Na fizi zikiwa na maambukizi, sukari hugoma kushuka. Kutibu kimoja na kukiacha kingine ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Maelezo haya yanamhusu mgonjwa mwenyewe, na yanamhusu pia mhudumu wa afya anayempokea, awe katika kliniki ya kisukari au katika chumba cha meno.

Mazingira ya Songwe

Utafiti wa kitaifa kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikadiria kuwa takribani watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Wengi wenye ugonjwa huu huishi nao kwa miaka kadhaa kabla ya kupimwa, na katika miaka hiyo kinywa huwa kimekwisha kuanza kuumia.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mazingira yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Mji wa Tunduma, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, huishi kwa barabara kuu. Malori yanayotoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, hufika hapo na kusubiri zamu ya kuvuka mpaka. Dereva aliye katika foleni hula anachokikuta: chipsi, maandazi, soda, au kinywaji cha kuongeza nguvu kinachomsaidia kukesha. Hulala ndani ya lori, na maji ya kusukutua si lazima yawe karibu. Mfanyabiashara wa mpakani naye huamka alfajiri, hunywa chai yenye sukari mara kadhaa kwa siku, na mlo wake kamili huwa wa usiku. Mkulima wa kahawa wa Mbozi, mkazi wa Kamsamba katika bonde la Ziwa Rukwa, au wa Itumba huko Ileje, huwa na tatizo la namna nyingine: safari ya kumfuata mtaalamu wa meno humgharimu siku ya kazi na nauli, hivyo huiahirisha mpaka maumivu yamshinde.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliye mzembe. Maisha yao yamepangwa na kazi zao. Ushauri wa kinywa usiozingatia hali hizi utasikilizwa kliniki na kusahauliwa barabarani.

Namna kisukari kinavyoharibu fizi

Katika kila kinywa wamo bakteria. Hujikusanya juu ya meno na kando ya fizi kwa utando laini uitwao ukoga. Ukoga usipoondolewa kwa mswaki, huchanganyika na madini ya mate na kuwa mgumu kama chokaa. Huo ndio ugaga, ambao hauondoki kwa mswaki tena bali kwa vifaa vya mtaalamu. Fizi zinazogusana na uchafu huo huvimba, huwa nyekundu, na hutoa damu. Hatua hii ya kwanza hutibika na fizi zikarudi kuwa nzima kabisa.

Uvimbe ukiachwa, maambukizi huteremka chini ya fizi. Fizi huachana na jino, hutengeneza mfuko unaohifadhi bakteria na usaha, na mfupa wa taya unaolishikilia jino huanza kuliwa. Mfupa huo ukipotea, kwa kawaida haurudi ulivyokuwa. Jino huonekana refu, hulegea, na mwishowe hutoka hata kama halina tundu lolote.

Kwa mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa, safari hii huwa ya haraka zaidi. Sukari nyingi katika damu hudhoofisha chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Mishipa midogo ya damu inayolisha fizi huharibika, hivyo oksijeni na virutubisho hufika kwa shida. Sukari hujishikiza kwenye protini za mwili na kutengeneza mabaki yanayochochea uvimbe na kuchelewesha vidonda kupona. Mate hupungua, nayo mate ndiyo yanayosafisha kinywa na kupunguza ukali wa asidi. Kinywa kikikauka, meno hutoboka kwa urahisi, hasa kwenye mizizi iliyoachwa wazi na fizi, na fangasi huota kwa utando mweupe au wekundu unaowasha ulimini na chini ya meno ya bandia.

Uhusiano huu umejulikana kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kuhusu jamii ya Wapima wa Arizona, Marekani, ulionesha kuwa wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa na ugonjwa wa fizi ulioharibu mfupa, wakilinganishwa na wasio na kisukari. Mwaka 1993 mtaalamu Harald Löe aliuita ugonjwa huo tatizo la sita litokanalo na kisukari, akiuweka katika safu moja na madhara ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona.

Namna fizi zinavyopandisha sukari

Upande wa pili wa uhusiano huu haujulikani sana kwa wagonjwa, na pengine hata kwa baadhi ya wahudumu. Mifuko ya fizi iliyojaa maambukizi ni kidonda. Kwa kuwa kidonda hicho kimefichika kati ya meno na nyama, mgonjwa hakioni. Lakini meno mengi yakiwa yameathirika, eneo lote la kidonda likiunganishwa laweza kukaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Mtu mwenye kidonda cha namna hiyo mguuni asingekaa nyumbani akisubiri.

Kutoka katika kidonda hicho, bakteria na kemikali za uvimbe huingia katika damu siku baada ya siku. Kemikali hizo huzuia insulini kufanya kazi yake kwenye misuli na ini. Sukari hubaki katika damu, hata pale mgonjwa anapomeza dawa kwa uaminifu na kuacha vyakula alivyokatazwa. Huyo ndiye mgonjwa anayelaumiwa kliniki kwamba anadanganya kuhusu chakula, akaongezewa dozi mwezi huu na mwezi ujao, ilhali hakuna aliyemwomba afungue kinywa.

Ushahidi wa tiba upo pia. Mapitio ya tafiti 35 zilizohusisha zaidi ya watu 3,000, yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2022, yalionesha kuwa kusafisha fizi kwa kina, kuondoa ugaga juu na chini ya fizi, kulishusha kipimo cha HbA1c kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia baada ya miezi 3 hadi 4. Kipimo hicho ndicho kinachoonesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Punguzo hilo laweza kuonekana dogo, lakini ni la thamani. Uchambuzi wa takwimu za utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulihusisha kila pointi 1 ya HbA1c inayopungua na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo ya damu, yaani madhara ya macho na figo. Kusafisha fizi hakuchukui nafasi ya dawa wala mlo. Huzipa dawa na mlo nafasi ya kufanya kazi.

Kuna njia nyingine tena ambayo meno huathiri sukari. Mtu aliyepoteza magego hawezi kutafuna maharage, mboga zenye nyuzinyuzi wala karanga. Hukimbilia uji, mkate mweupe, ugali laini na chai tamu. Vyakula hivyo humeng'enywa upesi na kupandisha sukari upesi. Kwa hiyo kulinda meno ni kulinda pia uwezo wa kufuata mlo anaoshauriwa.

Dhana kwamba mwenye kisukari hang'olewi jino

Miongoni mwa imani zinazowaumiza watu ni ile isemayo kwamba mgonjwa wa kisukari akiguswa jino atatoka damu mpaka afe, au kidonda hakitapona kamwe. Kwa hofu hiyo wapo wanaomeza dawa za maumivu na za kuua bakteria kwa wiki kadhaa, wakinunua vidonge vichache vichache dukani, huku jipu likikua.

Ukweli ni huu: mtu ambaye kisukari chake kimedhibitiwa anaweza kung'olewa jino, kuzibwa jino na kusafishwa fizi kama mtu mwingine yeyote. Ambaye sukari yake iko juu sana huahirishiwa kazi isiyo ya haraka hadi ishuke. Lakini jipu halisubiri. Usaha ukiwa ndani, sukari haitashuka vizuri. Sukari isiposhuka, usaha huongezeka. Mambo mawili hufanywa kwa pamoja: kutoa usaha na chanzo chake, na kurekebisha sukari. Vidonge vya kuua bakteria peke yake havitoi usaha uliokwisha kujikusanya.

Hatari ya kuchelewa ni kubwa. Maambukizi ya gego la chini yanaweza kushuka chini ya taya na kuenea shingoni ndani ya siku chache, yakainua ulimi na kubana njia ya hewa. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi hayo huenea kwa kasi zaidi na huweza kuleta hali ambayo asidi hujaa katika damu, mgonjwa akatapika, akapumua kwa haraka na kwa kina, na fahamu zake zikapungua. Mdharau mwiba mguu huota tende. Anayedharau jino, akiwa na kisukari, anaweza kupoteza uhai wake.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho, iwapo utaona lolote kati ya haya: uvimbe wa uso au wa chini ya kidevu unaoongezeka, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika au kupumua kwa shida, homa pamoja na maumivu ya jino, kutapika au kuchanganyikiwa.

Dalili za mapema

Kabla ya kufikia huko, kinywa hutoa taarifa. Fizi zinazotoa damu wakati wa kupiga mswaki, fizi zilizovimba au zilizorudi nyuma, meno yaliyoachana au yanayotikisika, usaha kati ya jino na fizi, harufu mbaya isiyoondoka, ladha mbaya, kinywa kikavu na ulimi unaowaka: kila moja ni sababu ya kumwona mtaalamu wa kinywa na meno hata kama hakuna maumivu. Ugonjwa wa fizi kwa kawaida hauumi mpaka umekwenda mbali. Wavutaji wa sigara wafahamu pia kwamba tumbaku hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi, hivyo fizi zao zaweza kuonekana nzima ilhali mfupa unaliwa.

Wapo wanaotumia pia dawa za shinikizo la damu kama amlodipini na nifedipini. Dawa hizi huweza kuzifanya fizi za baadhi ya watu zikue na kufunika meno. Anayeona hali hiyo asiache dawa kwa uamuzi wake. Amweleze daktari, kwa kuwa usafi wa kina husaidia na dawa yaweza kubadilishwa.

Utunzaji wa kila siku

Piga mswaki mara 2 kwa siku, kwa dakika 2 kila mara, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Mara iliyo muhimu zaidi ni ile ya kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate hupungua na bakteria huachwa bila kizuizi. Elekeza nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, na usugue taratibu. Ukimaliza, tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Badilisha mswaki baada ya miezi 3, au mapema ukichanua.

Fizi zikitoa damu usiache kuzipiga mswaki. Damu hutoka kwa sababu kuna ukoga. Ukiacha, ukoga huongezeka. Endelea kwa upole, na damu isipokoma baada ya wiki moja hadi mbili, nenda ukachunguzwe. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno mara moja kwa siku. Njiti ngumu huchoma fizi. Mswaki wa mti unaweza kuondoa ukoga ukitumiwa kwa uangalifu, lakini hauna floridi ya kutosha, hivyo dawa ya meno bado inahitajika. Mkaa, majivu na mchanga hukwangua ganda la jino, viachwe.

Kwa walio barabarani, ushauri wa kwanza ni kuhamisha mswaki kutoka ndani ya begi na kuuweka mahali unapoonekana, pamoja na chupa ya maji. Maji ya glasi moja yanatosha. Ushauri wa pili ni kunywa maji badala ya soda wakati wa kusubiri. Soda inayonyweka kidogo kidogo kwa saa nzima huyaogesha meno katika asidi kwa saa nzima, mbali na kupandisha sukari. Maji yanywewe mara kwa mara pia na mwenye kinywa kikavu. Jojo isiyo na sukari humsaidia kuongeza mate.

Sukari ikishuka, hapo hakuna mjadala: kula au kunywa kitu chenye sukari mara moja, hata kama umeshapiga mswaki. Hali ikitulia, sukutua kwa maji. Mwenye meno ya bandia ayavue wakati wa kulala, ayasafishe kwa mswaki na kuyaweka katika maji safi. Mama mjamzito mwenye kisukari asiogope chumba cha meno, kwani kusafishwa fizi ni salama katika ujauzito.

Mwenye kisukari achunguzwe kinywa pale anapogunduliwa, kisha angalau mara 1 kila miezi 6. Ambaye ana ugonjwa wa fizi huhitaji kurudi mara nyingi zaidi, pengine kila miezi 3.

Siku ya kwenda kutibiwa meno

Chagua asubuhi. Kula mlo wako wa kawaida na utumie dawa zako kama ulivyopangiwa. Kumeza dawa au kuchoma insulini kisha kukaa na njaa kwenye foleni ni njia fupi ya kushukiwa na sukari. Chukua daftari la kliniki na dawa zako, na useme mapema kwamba una kisukari. Baada ya kung'olewa jino, kama utashindwa kula, usiendelee na insulini wala kuiacha kwa kubahatisha. Muulize mhudumu kabla ya kuondoka namna ya kufanya. Kidonda kikizidi kuuma, kuvimba au kutoa usaha baada ya siku 3, rudi.

Kwa wahudumu wa afya

Katika kliniki ya kisukari, maswali matatu yanatosha kuanzia: Je, fizi zako hutoa damu? Je, kuna jino linalotikisika? Mara ya mwisho kuchunguzwa kinywa ilikuwa lini? Kisha tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi. Haya hayazidi dakika 2, na yanawezekana katika zahanati isiyo na kiti cha meno. Mgonjwa ambaye sukari yake haishuki bila sababu inayoeleweka achunguzwe kinywa kabla ya dozi kuongezwa tena.

Katika chumba cha meno, mtu mwenye majipu yanayorudiarudia, meno mengi yanayotikisika akiwa bado kijana, fangasi wa kinywani, au kidonda cha jino kisichopona, apimwe sukari. Huenda yeye ni miongoni mwa wale ambao hawajui kuwa wana kisukari. Kila mgonjwa wa kisukari apimwe kabla ya kung'olewa jino. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, kazi isimame na apimwe. Kama sukari iko chini ya milimoli 4 kwa lita na anaweza kumeza, apewe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Apewe glukosi kwa mshipa. Uvimbe unaoenea shingoni upewe rufaa bila kusubiri, kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda iliyoko Mbeya, huku dawa ya kuua bakteria na maji ya mshipa vikiwa vimeanzishwa.

Chumba cha meno na kliniki ya kisukari mara nyingi viko chini ya paa moja, au vimetenganishwa na uwanja mmoja tu. Karatasi ya rufaa inayotoka chumba kimoja kwenda kingine haina gharama kubwa. Kwa mgonjwa aliyetoka Kamsamba alfajiri, kuonwa sehemu zote mbili kwa siku moja kunamwokolea nauli ya safari ya pili, na huenda kukamwokolea meno yake. Naye mgonjwa asingoje kuulizwa. Siku yako ijayo ya kliniki, baada ya kusomewa kipimo cha sukari, mwambie mhudumu: naomba unitazame na kinywa.